Gumzo la majirani: maji ya kisima baada ya mvua

Mama Nasra: Majirani habari za asubuhi. Wote mnaochota kisima chetu naombeni kuanzia leo mchemshe ya kunywa na ya mswaki, juzi mvua ile maji yamepanda mpaka mdomo wa kisima na shimo la choo nyumba ya wapangaji limefurika, mlioona mliona

Baba Kelvin: Mbona meupe tu mama Nasra, nimekinga glasi sasa hivi hata harufu hamna

Nesi Neema: Meupe ndio, ila vijidudu vya kipindupindu na taifodi havionekani kwa macho baba Kelvin. Choo kikifurika karibu na kisima chukulia maji yameingiliwa mpaka yapimwe

Bi Mwanaidi: Wanangu gesi yenyewe hii, tutachemsha madumu yote?

Nesi Neema: Shikamoo bibi. Si yote, ya kunywa, mswaki na kuoshea matunda na kachumbari basi. Yakibubujika yaache dakika moja, yapoe humohumo yamefunikwa, tena uyamimine usichovye kikombe. Ukitumia vidonge vya klorini fuata maelezo ya pakiti usubiri nusu saa, ila kama yana tope yachuje kwanza kwa kitambaa kisafi maana tope linaila dawa

Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Na chumvi itapungua?

Nesi Neema: Hapana bibi, chumvi haitoki kwa kuchemsha. Na kuna kitu naitreti inatokana na vyoo, nayo haitoki, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi. Mama Rehema una kichanga, kama unamkorogea maziwa ya kopo tafadhali sana usitumie ya kisima kabisa mpaka majibu yatoke, hao chini ya miezi 6 inawaathiri vibaya damu ishindwe kubeba oksijeni

Mama Rehema: Asante dada, nanunua ya dukani leo leo

Fundi Hamisi: Mimi naja kesho kwa simtanki. Tunatoa matope tunasugua, halafu tanki la lita 1000 gramu 75 za unga wa klorini wa asilimia 70, unaukorogea kwenye ndoo ya maji kwanza, nje penye hewa, na msije mkachanganya na dawa ya choo inatoa gesi mbaya. Kila bomba linafunguliwa mpaka linuke klorini, tunafunga, yanalala usiku, asubuhi tunamwaga. Hayo hayanywewi. Kisima chenyewe dozi yake nyingine, nikipime kina kwanza, na mdomo tuinue kwa zege

Mama Nasra: Kabla hujaweka dawa fundi tuchukue sampuli

Nesi Neema: Ndio, muhimu sana. Chupa tunapewa maabara, msiisuuze kuna dawa ndani. Bomba mlipitishe moto, maji yatiririke kidogo, kinga, mkono usiguse mdomo wala ndani ya kifuniko, iende na barafu siku hiyohiyo. Waambieni wapime ikolai, yaani vijidudu vya kinyesi, na naitreti. Ikolai iwe sifuri kwenye mililita 100, ikionekana hata moja bado tunachemsha

Baba Kelvin: Sawa nimeelewa, nimeshamwaga ya kwenye friji. Deli ninalo, barafu nanunua, chupa nafata mimi asubuhi

Mama Nasra: Ubarikiwe. Mama mwenye nyumba ya wapangaji nakuja kwako jioni na fundi, shimo lile linyonywe wiki hii na lipya lichimbwe mbali, angalau mita 30 na kisima na lisiwe upande wa juu