Tupeane uzoefu: mbio za bendera za 1908 kwenye ligi ya besiboli ya kuigiza

MpangaRatiba

Habari wakuu. Msimu wa 1908 wa National League (moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani) hauwaishi hamu wanaocheza ligi za kuigiza, yaani wanaorudia msimu wa kweli kwa dadu na kadi za wachezaji, na sababu iko kwenye jedwali lenyewe (ushindi-vipigo): Chicago Cubs 99-55, New York Giants 98-56, Pittsburgh Pirates 98-56. Timu tatu zimeachana kwa mchezo mmoja baada ya miezi sita. Zama hizo bingwa wa ligi ndiye aliyebeba bendera, hakukuwa na mtoano wa kufuta makosa ya Septemba.

Kwa waliozoea soka: hapa hakuna pointi tatu wala tofauti ya magoli. Jedwali hupangwa kwa asilimia ya ushindi. Mchezo ukiisha sare hauhesabiwi, unarudiwa wote.

Uzi huu ni wa mambo ya kazi: dadu, kadi, ratiba, mipaka ya warushaji, na kinachoharibika mwishoni. Hadithi za "mimi na timu yangu nilivyobeba" tuziweke kando leo, zina uzi wake na hauishi.

Dadu20

Naanza na ratiba, maana huko ndiko wengi hufia.

Timu 8, kila moja inakutana na kila mpinzani mara 22, yaani michezo 154 kwa timu. Ligi nzima ni michezo 616. Kwa dadu na kadi, mtu mzoefu anatumia dakika 25 hivi kwa mchezo, hivyo msimu mzima ni zaidi ya saa 250. Wengi huanza Aprili kwa mbwembwe na kufika Juni wamechoka.

Njia inayofanya kazi ni kucheza kwa ukamilifu michezo inayowahusu wagombea watatu tu. Si 462 kama unavyodhani (154 mara tatu), kwa sababu michezo 66 wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Ni 396. Ile 220 iliyobaki ya timu tano za chini ipigwe kwa jedwali la haraka au kwa kompyuta, lakini imalizwe kwa tarehe yake. Ukiirundika hadi mwisho, utajikuta St. Louis inaingia mchezo wa Septemba na mrushaji ambaye kwa haki alitakiwa awe amerusha jana.

Kuhusu dadu zenyewe. Kwenye Strat-O-Matic, mchezo wa mezani wa besiboli, unarusha tatu za pande sita. Moja ya rangi tofauti inachagua safu: 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 kadi ya mrushaji. Mbili zilizobaki unajumlisha, kati ya 2 na 12. Michanganyiko ni 216, nusu ya mpigaji na nusu ya mrushaji. Dadu ya pande 20 inaamua matokeo yaliyogawanywa (kadi inapotoa majibu mawili), na mipira inayomwendea mlinzi, ambaye ana daraja la 1 (bora) hadi 5. APBA, mchezo mwingine wa aina hiyo, wao husoma dadu mbili kama tarakimu, 11 hadi 66, hivyo matokeo 36.

Pima dadu kabla ya msimu. Rusha kila moja mara 360. Kila uso utarajiwe kutokea mara 60. Ukipata uso uliotoka chini ya 40 au juu ya 80, weka pembeni hiyo dadu. Dadu za bei chee zenye vishimo virefu ndizo zinazokosea zaidi, na kosa dogo kwenye ile ya kuchagua safu linawapendelea warushaji au wapigaji msimu mzima bila wewe kujua.

Mhesabu_wa_Septemba

Mkuu Dadu20 umenena. Naongezea jambo linalowachanganya watu: mbona Giants wanashinda mara nyingi kuliko historia?

Kadi hazijui nani alibeba bendera. Kadi zinajua mikimbio, yaani alama za kufika beisi ya nyumbani. Giants 1908 walifunga 652 na kufungwa 456. Cubs 624 kwa 461. Pirates 585 kwa 469. Chukua kanuni ya Bill James, mwanatakwimu wa besiboli: mraba wa mikimbio uliyofunga, gawanya kwa jumla ya mraba wa uliyofunga na mraba wa uliyofungwa. Giants wanatoka na ushindi 103, Cubs karibu 100, Pirates 94. Kwa hiyo kabla ya dadu ya kwanza kuanguka, Giants wako mbele kwa michezo mitatu, na Pirates wale waliolingana na Giants kweli wako nyuma kwa tisa.

Sasa weka bahati. Timu ya asilimia .640 (ushindi 64 kwa kila michezo 100) kwenye michezo 154 inayumba kwa ushindi karibu 6 juu au chini bila mtu kukosea chochote. Giants kumaliza na 97, au Pirates na 99, ni jambo la kawaida kabisa. Cubs kumaliza wa tatu na 91 pia si dalili kwamba kadi ni mbovu. Usianze kuchezea kadi kwa sababu ya msimu mmoja!

Cha kupima ni ligi nzima. National League ya 1908 ilikuwa na wastani wa karibu mikimbio 3.3 kwa timu kwa mchezo. Cheza michezo 40 ya majaribio, jumlisha mikimbio ya timu zote mbili, gawanya kwa 40. Ukipata karibu 6.6 uko sawa. Ukipata 9, umesahau kuweka mazingira ya zama za mpira mfu (enzi hizo za mikimbio michache), ama programu imebaki na viwango vya kisasa. Angalia na homurani (mpigo unaomzungusha mpigaji beisi zote): kinara wa ligi ile, Tim Jordan wa Brooklyn, alimaliza na 12 tu. Ukifika Julai una mtu mwenye 15, simamisha kila kitu ukarekebishe.

Mdakaji_Mkongwe

Bendera ya kuigiza hushindwa au kupotea kwenye matumizi ya warushaji. Hayo mengine ni mapambo.

Christy Mathewson wa Giants mwaka ule alirusha iningi (vipindi vya mchezo, kwa kawaida tisa) 390 na theluthi mbili, akaanza michezo 44 na kuimaliza mwenyewe 34, akashinda 37. Meneja asiye na mipaka atampa iningi 500 na kubeba ligi Agosti. Mpaka unaotumika sana ni iningi halisi ukiongeza asilimia 10, kwa Mathewson kama 430. Lakini mpaka wa msimu peke yake una tobo: mtu anamwekea akiba Mathewson miezi mitatu, halafu Septemba anamrusha kila siku ya tatu dhidi ya Cubs na Pirates tu. Weka kikomo cha mwezi pia. Gawanya mpaka wa msimu kwa 6, ongeza robo. Kwa 430 unapata kama iningi 90 kwa mwezi. Inatosha kumtumia sana, haitoshi kufanya uhuni.

Mtego wa pili ni kadi za watu waliocheza kidogo. Harry Coveleski wa Philadelphia aliwapiga Giants mara tatu ndani ya siku tano, Septemba 29, Oktoba 1 na Oktoba 3, na hicho ndicho kilichowaponza. Msimu mzima hakufikisha iningi 50. Kadi yake kwa hiyo ni ya moto, imetengenezwa kwa wiki chache nzuri. Ukimwachia meneja wa Philadelphia amtumie tangu Aprili, ligi imeharibika. Mtu wa chini ya iningi 50 asirushe hata moja zaidi ya alizorusha kweli, na asitumike kabla ya tarehe aliyoingia kikosini.

Ila msikaze mno sheria ya uchovu. Septemba 26 Ed Reulbach wa Cubs aliwafunga Brooklyn michezo miwili siku moja, yote bila kuruhusu mkimbio. Sheria ya "siku tatu za mapumziko, basi" ingelikataza. Afadhali kumshusha daraja aliyechoka kuliko kumfungia nje: akirusha bila kupumzika vya kutosha, namba yake ya uwezo wa iningi ipunguzwe kwa 2 kwa kila siku aliyopunja.

BeisiYaTatu

Swali fupi kwa Mhesabu: kuna haja ya kuwapunguza Giants kidogo ili mbio ziwe tamu?

Mhesabu_wa_Septemba

Hapana mkuu. Ukishaanza kusukuma, utasukuma hadi upate ulichotaka, na hapo unaandika tamthilia. Anayetaka mbio za karibu kwa uhakika aanze Septemba 1 na jedwali halisi la siku hiyo, acheze mwezi mmoja.

Na ukifika huko, hesabu ya kila jioni ni hii. Kuachwa: tofauti ya ushindi jumlisha tofauti ya vipigo, gawa kwa 2. Kiongozi 92-54, anayefuata 91-56: (1 + 2) gawa kwa 2, mchezo mmoja na nusu. Namba ya kumaliza kazi: 155 (michezo 154 jumlisha 1) toa ushindi wa kiongozi toa vipigo vya anayefuata. 155 - 92 - 56 = 7. Kila kiongozi akishinda inashuka moja, kila mfuasi akifungwa inashuka moja. Ikifika sifuri, bendera imekwenda.

Ambacho wengi hawaangalii ni ratiba iliyobaki. Timu ya .640 ikikutana na ya .630, nafasi yake ni asilimia 51 tu, kama kurusha shilingi. Ikikutana na ya .400 inapanda hadi 73. Kwa hiyo aliyebakiwa na St. Louis (49-105 mwaka ule) na Brooklyn (53-101) yuko vizuri kuliko jedwali linavyosema. Mrushaji wako bora usimpeleke kwa timu dhaifu ambayo hata wa tatu wako ataishinda.

Kisiki

Kwa wasio na muda wa 1908, jaribuni 1964, ligi hiyohiyo, tangu Septemba 20. Philadelphia Phillies wanaongoza kwa michezo sita na nusu, imebaki 12. Kilichotokea kweli: walifungwa kumi mfululizo, kipigo cha kwanza 1-0 mbele ya Cincinnati, Chico Ruiz alipoiba beisi ya nyumbani. St. Louis wakabeba kwa 93-69, Phillies na Cincinnati wakaishia 92-70.

Meneja Gene Mauch aliwarudisha Jim Bunning na Chris Short wakiwa wamepumzika siku mbili tu. Hicho ndicho cha kupima. Cheza mara ya kwanza kwa mzunguko wake wa warushaji, mara ya pili kwa warushaji wanne wa kawaida. Kila jaribio ni jioni chache tu. Hakikisha programu imewashwa uchovu, la sivyo njia ya Mauch itaonekana ya busara.

MpangaRatiba

Kwa ligi za mameneja wengi, matatizo yanayojirudia ni mawili.

Kwanza, mwenye timu ya 53-101 anapotea Septemba. Hatumi kikosi, kompyuta inampangia, na wapinzani wake wa wiki hiyo wanapata zawadi. Muwe na meneja mbadala aliyetajwa tangu Aprili, na kikosi cha akiba kiwekwe kwa kila timu. Usajili na kubadilishana wachezaji vifungwe mapema, mwisho wa Julai inatosha.

Pili, michezo isiyochezwa. Kwenye American League, ile ligi kuu nyingine, mwaka huohuo wa 1908 Detroit walimaliza 90-63 na Cleveland 90-64. Mchezo wa Detroit uliokatishwa na mvua haukurudiwa, kwa hiyo .588 ikaishinda .584, wakabeba kwa nusu mchezo. Andikeni sheria kabla: mchezo wowote unaogusa bendera lazima uchezwe, hata siku moja baada ya msimu. Ligi isiyo na sheria hiyo itagombana tu.

Majeraha nayo: mchezaji asikae nje zaidi ya alivyokosa kweli. Honus Wagner alicheza 151. Dadu ikimweka nje siku 15, Pirates hawana cha kufanya, na hilo si besiboli, ni ajali ya kadi.

BeisiYaTatu

Na tukio la Merkle mnalifanyaje? Hakuna kadi yake.

Mdakaji_Mkongwe

Hakuna, na isitengenezwe. Septemba 23, Giants na Cubs, Polo Grounds, 1-1, iningi ya tisa, wapigaji wawili wa Giants wameshatolewa, McCormick beisi ya tatu, Merkle ya kwanza. Al Bridwell akapiga, McCormick akaingia nyumbani, Merkle mwenye miaka 19 akageukia chumba cha wachezaji kabla ya kugusa beisi ya pili. Johnny Evers akadai mpira, mwamuzi Hank O'Day akamtoa Merkle, mkimbio ukafutwa, mchezo ukawa sare. Ukarudiwa Oktoba 8, Cubs 4-2.

Ukiweka nafasi ya dadu kwa ajili ya hilo, hata 1 kwa 1,000, litakutokea Mei kwenye mchezo wa Boston na Cincinnati. Kinachoigizika ni sababu yake: Fred Tenney, mlinzi wa kawaida wa beisi ya kwanza wa Giants, mchezo huo ndio pekee aliokosa msimu mzima. Fuata vikosi halisi vya siku, Merkle ataanza tarehe hiyo. Zaidi ya hapo ni dadu. Sare za giza zibaki, maana taa hazikuwepo: mchezo wa pili wa siku ya michezo miwili ukifika iningi ya 10 ukiwa sare, simamisha, uandike upya kwenye ratiba, na takwimu za wachezaji zibaki zikihesabiwa.

Dadu20

Hiyo ya takwimu kubaki wengi huisahau. Ndiyo maana daftari la warushaji linaweza kuonyesha michezo 155 au 156 wakati jedwali linasoma 154. Usifute chochote ili zilingane.