Vizibo vya kompositi vinabanduka kwenye shingo za meno: ninaomba ushauri

Muulizaji, Goma

Ndugu zangu wa tiba ya meno, ninawasalimu. Katika kliniki yetu tunaziba kwa kompositi (kizibo cha resini chenye rangi ya jino) matundu yaliyo karibu na ufizi, na wagonjwa wamekuwa wakirudi: wengine jino linawachoma wanapokunywa maji baridi, wengine wameshika kizibo mkononi. Tunapaka asidi ya fosfori ya asilimia 37 kwa sekunde 30 juu ya enameli (ganda gumu la nje la jino) na dentini (tabaka lililo chini yake) kwa pamoja, tunasuuza, tunapuliza hewa mpaka jino lote liwe na weupe wa chaki, ndipo tunapaka praima (kimiminika cha kuandaa dentini ipokee gundi) na gundi. Kwenye meno ya mbele yaliyovunjika ncha, kazi hiyo hiyo inadumu. Tatizo liko wapi?

Mjibu wa kwanza, Bukavu

Mwenzangu, asante kwa kueleza hatua zote, kwa maana jibu limo humo. Ncha ya jino la mbele ina enameli ya kutosha, ambayo kwa uzito ni madini takriban asilimia 96, na kwake weupe wa chaki ni dalili njema. Njia hiyo ya asidi aliianzisha Michael Buonocore mwaka 1955. Shingoni mwa jino sehemu kubwa ni dentini, ambayo ina madini takriban asilimia 70, iliyobaki ni kolajeni (protini yenye nyuzi) na maji, tena imejaa vijibomba vyenye majimaji vinavyoelekea kwenye kiini cha jino. Asidi ikishayeyusha madini ya juu, nyuzi za kolajeni husimama kwa sababu ya maji yaliyozizunguka. Ukizikausha zinalala na kugandamana, na resini ya gundi haipati pa kupenya. Tabaka la resini iliyofumana na kolajeni, alilolieleza Nobuo Nakabayashi mwaka 1982, ndilo linaloshika kizibo, na kwa ukavu huo halijengeki.

Anza asidi kwenye enameli, kisha iguse dentini kwa sekunde 15 tu. Ukishasuuza, nyonya maji kwa kipamba mpaka dentini ibaki inang'aa kwa unyevu bila kidimbwi. Praima isugue taratibu, kisha puliza hewa kidogo mpaka isionekane ikitembea, kwa sababu kiyeyushi cha praima kikibaki ndani, gundi haikazi vizuri hata chini ya taa ya kuikazia.

Mjibu wa pili, Lubumbashi

Ninakubaliana naye. Pimeni pia hewa yenyewe: ipulizeni juu ya kioo cha mdomoni, na mkiona vitone vya maji au mafuta, kompresa ishughulikiwe kabla ya kulaumu gundi. Kwa wazee, dentini ya shingoni mara nyingi ni ya manjano, ngumu na inang'aa, na asidi haiingii humo kwa urahisi; ikwaruzeni kidogo kwa fresi, yaani keekee ndogo ya meno.

Muulizaji, Goma

Ninawashukuru sana. Je, gundi zisizohitaji asidi ya kusuuza zingetufaa?

Mjibu wa kwanza, Bukavu

Zingewafaa, hasa zenye kiambato kiitwacho 10-MDP, ambacho hushikamana na kalisi ya jino. Asidi ya fosfori muiweke kwenye kingo za enameli peke yake. Pale ambapo damu ya ufizi haizuiliki, mimi ningetumia glasi ayonoma, aina ya saruji ya kuzibia meno, badala ya kompositi.