Naomba ushauri: mbwa niliyemchukua kituoni bado ananiogopa, nifanyeje anizoee?

Mkaa Kimya
Wakuu, salaam. Humu huwa nasoma tu, sijawahi kufungua uzi, lakini hili limeninyima usingizi.

Wiki tatu zilizopita nilichukua mbwa kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Dume, wanakadiria ana miaka minne, anaitwa Bobi. Waliniambia ameishi karibu maisha yake yote kwenye mnyororo mfupi, na shingoni bado ana duara lisiloota manyoya. Siku ile wenzake wote walikuwa wanarukia wavu, yeye amejikunja kwenye kona. Nikasema huyu ndiye wangu. Naishi peke yangu, nikajua tutafarijiana.

Sasa huyu mbwa hanitaki. Anashinda chini ya meza. Nikiingia anafyata mkia, nikinyoosha mkono nimpapase anageuza kichwa na kunitolea weupe wa jicho. Hali chakula mpaka niondoke. Wiki ya kwanza alikuwa akinguruma nikikaribia bakuli lake, hilo angalau limekwisha, yuko kimya kabisa. Nimemwekea godoro, nimembembeleza, nimemkumbatia, wapi.

Nifanye nini anipende? Na kuna muda ambao mbwa akiupita hajazoea ndiyo basi tena? Naomba kuwasilisha.

Mama Wawili
Pole sana kaka. Kwanza acha kumkumbatia. Kwetu sisi kukumbatia ni upendo, kwa mbwa asiyekujua ni kubanwa.

Mimi nilikuwa na jike aliyeachwa na waliohama. Miezi miwili alikuwa haonekani mchana. Nilichofanya ni kukaa sakafuni nimempa mgongo, nasoma kitu kwa sauti, pembeni nimetupa vipande vya chakula bila kumtazama. Kila siku kipande kimoja kinaangukia karibu yangu zaidi. Siku moja nikasikia kidevu juu ya unyayo wangu. Sikusogea saa nzima, mguu ukafa ganzi. Alikufa mwaka jana kwa uzee na mpaka leo nikipita pale alipokuwa akilala nazunguka, utadhani bado yupo. Samahani, nimejikuta naongelea yangu.

Nahodha Mstaafu
Umemdekeza. Mbwa anataka kujua nani mkubwa hapo ndani. Mlaze chali, mshike mpaka alegee, ale baada yako. Samaki mkunje angali mbichi, na huyo wako keshakauka, kwa hiyo usimwonee haya.

Kitasa
Watoto wangapi hawana pa kulala, na godoro kapewa mbwa. Tutafakari jamani.

Fundi Saa
Kitasa, aliyeomba ushauri kaomba wa mbwa. Ukifungua uzi wa watoto tutakuja wote na tutachanga.

Tabibu wa Wanyama
Nimefanya kazi ya kutibu wanyama kwa muda mrefu, nami naomba Nahodha asikilizwe na mtu mwingine yeyote ila si mleta mada. Habari hizo za mkubwa wa kundi zilitokana na mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja bila undugu, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. David Mech, mtafiti mwingine wa mbwa-mwitu, ambaye maandishi yake ya 1970 yaliisambaza dhana hiyo, alieleza mwenyewe mwaka 1999 kwamba kundi la porini ni baba, mama na watoto wao. Ukimlaza chali mbwa aliyeishi kwenye mnyororo, utamthibitishia kila alichokuwa anakihofia.

Wiki tatu ni chache mno. Mbwa wengi wa namna hii huhitaji siku kadhaa kupumua tu, wiki kadhaa kuelewa ratiba ya nyumba, na miezi ndipo waonyeshe tabia yao halisi. Muda wa mwisho haupo. Mpe ratiba moja isiyobadilika, kona yake asiyosumbuliwa, na aje kwako yeye mwenyewe. Apimwe pia meno, masikio na nyonga, maana maumivu hufanya mbwa asitake kuguswa.

Ila kuna kitu kimenikaa vibaya. Alikuwa akinguruma, sasa hangurumi. Ilikuwaje? Na ameshamuuma mtu?

Mkaa Kimya
Asante daktari. Kunguruma nilisoma mahali kwamba usipokomesha mapema atakuja kukutawala. Nilimchapa na kandambili mara tatu nne, si kwa nguvu. Akaacha.

Hajauma mtu. Kuparua tu.

Tabibu wa Wanyama
Kuparua kwa kucha au kwa jino? Alimparua nani, lini?

Mama Wawili
Kaka, jibu hili kwanza, mengine yote yatasubiri.

Mkaa Kimya
Nilijua nikisema mtaacha kunisaidia kuhusu Bobi, ndiyo maana sikuandika.

Mtoto wa dada yangu. Ana miaka sita. Dada yuko safarini, mtoto yuko kwangu kwa mwezi huu. Siku nne zilizopita aliingia chini ya meza kuokota kalamu yake, Bobi alikuwa anatafuna mfupa. Hakunguruma, hakukenua meno, nilisikia mtoto analia tu. Ni kidole, jino limeingia kidogo. Nilisafisha, nikapaka spiriti, pamefunga na hana homa.

Kadi ya chanjo walinipa kituoni lakini mstari wa kichaa cha mbwa hauna tarehe. Najua mtakachosema. Nimesoma kwamba mbwa akiishi siku kumi baada ya kuuma basi hana ugonjwa. Zimebaki sita. Anakula vizuri, anakunywa maji. Nikienda hospitali watauliza mbwa yuko wapi, watamchukua wamuue, na kosa ni langu mimi, si lake. Dada sijamwambia, atarudi mbio bure. Mtoto nimemwambia akiulizwa aseme ni msumari.

Naombeni tu mniambie jinsi ya kumfanya mbwa huyu aniamini.

Kitasa
Mungu wangu.

Tabibu wa Wanyama
Mkaa Kimya, soma polepole. Umeshika nusu ya jambo. Siku kumi ni za kumwangalia mbwa WAKATI mtoto ameshaanza sindano, si za kungojea ndipo uamue. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Akiugua siku ya tisa na mtoto hajaanza, utakuwa umepoteza siku tisa ambazo huwezi kuzirudisha.

Kirusi hiki hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kidonda kufunga hakuambii kitu. Kukosa homa hakuambii kitu. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, zinaweza kuja baada ya wiki moja au mwaka, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kidole kina mishipa mingi ya fahamu, ndiyo maana vidonda vya mkononi havichezewi. Nenda LEO. Pale pale jeraha lilipaswa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Lioshe hata sasa, kisha mpeleke.

Na Bobi: kunguruma kilikuwa king'ora chake. Ulikizima, moto ukabaki. Alikuwa bado anaogopa mtu akisogelea chakula chake, ila umemfundisha kwamba kusema kunaleta kandambili. Akabakiwa na meno.

Nahodha Mstaafu
Kwenye hili la hospitali naungana na daktari. Mwanangu, mpeleke mtoto.

Mchokonozi
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo kasema anaishi peke yake, leo kaota mpwa. Akaunti imefunguliwa juzi. Mbwa yuleyule anamwogopa mpaka hali mbele yake, halafu mtoto anaachwa atambae mpaka kwenye mfupa wake? Kila anapobanwa anatoa kipande kipya kikali kuliko cha mwanzo. Huyu anakusanya majibu tu, mtaona hatarudi.

Fundi Saa
Na mimi nimeanza kujiuliza. Kalamu chini ya meza, msumari, dada msafiri. Imepangika mno.

Mama Wawili
Mimi niliwahi kumficha mume wangu kwamba mtoto ameanguka mikononi mwangu. Nilisema vipande vipande vilevile, kila kimoja nikitumaini ndicho cha mwisho kuulizwa. Mtu mwenye aibu hasemi moja kwa moja.

Mchokonozi
Basi aweke picha ya kadi ya chanjo.

Tabibu wa Wanyama
Asiweke picha ya mtoto wala kadi humu. Mchokonozi, ikiwa kisa ni cha kutunga, hasara yangu ni dakika ishirini za kuandika. Ikiwa ni cha kweli na tukamfukuza kwa kumwita mwongo, nani atampeleka yule mtoto? Na wapo wanaosoma kimya wenye kidonda kama hicho nyumbani.

Mchokonozi
Sawa daktari. Lakini mpaka sasa hajarudi.

Mkaa Kimya
Nimerudi. Tulikuwa hospitali tangu asubuhi.

Waliosha kidole upya, wakachoma dawa ya kingamwili kuzunguka kidonda, wakampa sindano ya kwanza. Ya pili ni siku ya tatu, ya tatu siku ya saba, halafu watapanga. Hakuna aliyesema Bobi auawe. Waliuliza kama ninaweza kumfungia mahali pasipo na mtu na kumwangalia kila siku, na afisa wa mifugo atapita. Wiki yote nimekuwa nikiogopa kitu ambacho sikuwa nimemuuliza mtu.

Mchokonozi, sikukasirika. Naishi peke yangu kweli, mtoto ni mgeni wa mwezi. Ningesoma habari hii ya mtu mwingine, nami nisingeamini.

Dada nimempigia. Alinyamaza muda mrefu, akakata simu, baadaye akapiga kuongea na mwanawe. Anarudi kesho.

Daktari, bado nataka kubaki na Bobi. Niambie ukweli.

Tabibu wa Wanyama
Ukweli ni kwamba mtoto na Bobi wasikae tena chumba kimoja, hata ukiwepo. Afungiwe mpaka siku kumi ziishe na afisa aridhike. Baada ya hapo mtoto akiwa amekwenda kwao, unaweza kujaribu, kwa masharti. Bakuli usiliguse: pita kwa mbali, tupa kitu kitamu zaidi ya anachokula, endelea na safari yako. Baada ya wiki nyingi atainua kichwa akikuona unakuja, badala ya kukakamaa. Kikapu cha mdomo, kile cha kumzuia asiume, azoeshwe polepole kwa kupakwa chakula ndani, asivalishwe kwa nguvu. Akinguruma, rudi nyuma na ushukuru kwamba ameanza tena kusema. Kituo waambie yote, wana haki ya kujua. Ikiwa wana nyumba isiyo na wageni watoto, kumrudisha si kumtupa.

Mkaa Kimya
Siku ya kumi imepita, afisa amekuja, Bobi ni mzima. Daktari wa mtoto ndiye ataamua kuhusu sindano iliyobaki, mimi siamui tena. Kituo nimewapigia, wametaka nimlete wamtazame wiki ijayo. Sijui watasema nini. Jana usiku nilikaa sakafuni nimempa mgongo, nikisoma kama Mama Wawili. Alinguruma mara moja nilipojikuna. Nikasogea mbele kidogo, akanyamaza.

Mama Wawili
Na ule msumari, kaka? Mtoto umemwambia nini?

Mkaa Kimya
Nilimwambia tukiwa kwenye foleni, siku ile ya sindano ya kwanza. Kwamba mjomba alimfundisha kusema uongo na amekosea. Akaniuliza kama Bobi naye ataambiwa samahani, kwa sababu ya kandambili. Kumbe alikuwa ananiona.