Seli nyekundu za damu kwenye yuria: osmolariti ni sawa na ya damu, mbona zinapasuka?

Chembe_Hai:
Wakuu habari zenu, kuna kitu hakiniingii akilini kabisa. Tumefundishwa maji yanafuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, na kama ndani na nje ya seli viko sawa basi maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka na seli inabaki na saizi yake. Hapo niko vizuri. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 nimepiga hesabu mwenyewe, gramu 9 kwa lita ni kama milimoli 154, ikishayeyuka inagawanyika sodiamu kivyake na kloridi kivyake kwaiyo unapata miliosmoli 308 (yani hesabu ya chembe zote zilizoyeyuka kwenye lita, ndo osmolariti), na damu yenyewe iko 285 hadi 295, hazipishani sana, seli haisumbuki. Sasa swali nililopewa lina tyubu ya pili, yuria (ile taka ya kwenye mkojo) milimoli 300 kwa lita, yuria haigawanyiki kwaiyo ni miliosmoli 300 hizohizo, alafu jibu linasema seli zote zinapasuka. Zote! Tena ndani ya sekunde chache. Yani namba ni ileile ila matokeo ni kama umezimwagia maji matupu?? Kuna mtu kanambia yuria ni sumu inachoma utando wa seli, mimi hiyo sijaikubali. Anaejua anieleweshe taratibu tafadhali.

Mzee_Darubini:
Umefanya vizuri kutoikubali. Kuipima ni rahisi tu, chukua hayohayo maji ya chumvi ya 0.9 alafu ndani yake yeyusha yuria milimoli 300, dondoshea damu. Hazipasuki. Zinanywea kidogo mwanzoni kisha zinarudi kwenye saizi yake. Ingekuwa kwa kiwango hicho yuria inachoma utando, zingepasuka hapo pia maana yuria ni kiasi kilekile.

Kosa la hiyo hesabu ni kwamba imehesabu vitu vilivyoyeyuka bila kuuliza kila kimoja kinapita kwenye utando au hakipiti. Osmolariti ni idadi tu, haijui kama kuna seli humo. Kinachoamua seli ivimbe au inywee ni vile vitu visivyopita, kwa sababu kitu kinachopita hakiwezi kuzuia maji upande mmoja, kesho na chenyewe kiko upande wa pili.

Fuatilia seli moja. Dakika sifuri ndani kuna miliosmoli kama 290, nyingi ni potasiamu na vingine ambavyo havitoki hovyo, na himoglobini (ile protini nyekundu ya damu) juu yake. Nje kuna yuria 300. Maji yametulia. Lakini yuria nje ni nyingi na ndani karibu hakuna, kwaiyo inaanza kuingia kwa difyusheni ya kawaida. Imeingia kidogo, sasa ndani una zile 290 zako PLUS yuria iliyoingia, nje yuria imepungua kidogo, maji lazima yafuate. Yakifuata yuria ya ndani inazimuliwa, kwaiyo inaingia nyingine, maji tena yanafuata, na mchezo hauna pa kuishia kwa sababu nje hakuna hata kitu kimoja cha kubakia nje na kuyashikilia maji, mpaka utando unafika mwisho wa kuvutika na unaachia. Kwenye tyubu unaona kabisa: mwanzo damu ina ukungu, ukiweka maandishi nyuma ya tyubu huyasomi, alafu ghafla inakuwa nyekundu angavu kama sharubati na maandishi yanasomeka. Seli hamna tena, himoglobini imemwagika.

Kwaiyo kwa macho ya seli ile yuria ni maji matupu yaliyochelewa sekunde kadhaa.

kijana_wa_bio:
Naongezea, yuria inaingizwa na aktivu transpoti (kusukumwa kwa kutumia nishati) ndo maana inaingia haraka hivyo.

Dada_Maabara:
Hapana mdogo wangu, hapo hakuna ATP (nishati ya seli) inayotumika. Yuria inashuka tu kutoka kwenye nyingi kwenda kwenye chache, ila inapita kwenye mlango wa protini, na mlango sio pampu. Bila mlango ingepita bado lakini kwa kujivuta maana katikati ya utando ni mafuta na yuria inapenda maji.

Na hilo la mlango sisi wa mambo ya damu tunalijua vizuri, kwa sababu ile protini ndio hiyohiyo inayobeba kundi la damu la Kidd (mfumo mwingine wa makundi ya damu, sio ule wa A, B na O). Kuna watu wachache duniani hawana kabisa hiyo protini, wengi wao ni wa Polinesia na wengine Finland, na wanaishi kawaida tu. Seli zao ukiziweka kwenye yuria kali ya moli 2 kwa lita zinastahimili nusu saa hivi, wakati za watu wengine zinaisha ndani ya dakika kama moja. Yuria ileile, maji yaleyale, tofauti ni mlango tu.

Chembe_Hai:
Aisee! Sasa nimeelewa ya yuria ila mmeniharibia ya chumvi 😅 Kama kitu kinachopita hakishikilii maji, mbona nasoma kwamba sodiamu nayo inavuja kuingia ndani ya seli? Si ilitakiwa seli za kwenye chumvi nazo zipasuke, labda kwa kuchelewa?

Mzee_Darubini:
Hilo ndo swali lenyewe sasa. Ndio, zilitakiwa zipasuke, japo kwa kuchelewa. Ndani ya seli kuna protini na vitu vingine vya chaji hasi ambavyo haviwezi kutoka, vyenyewe vinavuta ioni na maji wakati wote. Sodiamu nje ni kama milimoli 140, ndani 10 hadi 15, na inavuja usiku na mchana. Kinachookoa ni pampu ya sodiamu na potasiamu, kila ATP moja inatupa nje sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Ni kama mtu anaekumba maji kwenye mtumbwi unaotoboka, maadamu anakumba kwa kasi ya tundu mtumbwi unaelea. Kwaiyo sodiamu haijazuiwa kupita, inapita na inarudishwa, na kwa hesabu ya maji ni sawasawa na isiyopita.

Ukitaka kuhakikisha zima pampu. Kuna sumu inaitwa wabaini, zamani ilipakwa kwenye mishale, inaikaba pampu hii moja kwa moja. Seli zikiwekewa zinaanza kujaa sodiamu na kuvimba, japo seli nyekundu zinachukua masaa mengi maana tundu zake za sodiamu ni ndogo. Pampu aliigundua Jens Skou wa Denmark, alichapisha 1957, Nobeli akaja kupata 1997. Miaka 40!

kijana_wa_bio:
Na maji yenyewe yanapitaje kwenye mafuta?

Dada_Maabara:
Kidogo yanapenya hivyohivyo, mengi yanapita kwenye akwaporini, protini yenye tundu la maji. Peter Agre ndie alieipata, na aliipata kwenye seli hizihizi nyekundu, 1992 akaonyesha kazi yake kwa kuipandikiza kwenye mayai ya chura, yale yenye protini yakawekwa kwenye maji mepesi yakavimba yakapasuka, yasiyo nayo yakabaki yametulia. Nobeli 2003. Tundu moja linapitisha molekuli za maji kama bilioni 3 kwa sekunde, na haliingizi hata ioni ya haidrojeni, hiyo kwangu ndo inashangaza kuliko vyote.

Chembe_Hai:
Swali la mwisho naahidi. Dripu ya dekstrosi (yani glukosi) asilimia 5 je? Glukosi inaingia kwenye seli, mbona damu haipasuki mshipani?

Dada_Maabara:
Kwa sababu dripu inachanganyika na damu nyingi ambayo sodiamu yake inashikilia maji nje, na glukosi yenyewe mwili unaichoma au unaibadilisha. Kwenye chupa dripu iko karibu sawa na damu, seli haipati mshtuko inapokutana nayo. Baadae sukari inaisha na kilichobaki ni maji, yanasambaa mwili mzima na kama theluthi mbili yanaishia ndani ya seli. Maji ya chumvi yanabaki nje ya seli karibu yote, kwa sababu ya ile pampu. Ndo maana mgonjwa ambae ubongo wake umevimba hawekewi dekstrosi 5, anawekewa chumvi.

Chembe_Hai:
Nimekupata dada. Ngoja nirudi kwenye lile swali, kumbe lina tyubu ya tatu ya gliseroli.

Mzee_Darubini:
Gliseroli nayo inapita. Anza na hapo.