Nani Kabeba Kikapu?

*Kikundi: Watoto wa Bi Mkubwa 🌴*
*Jumapili*

06:12 Nassor: Asalaam alaykum. Ratiba ya leo hapa Austria: tunatoka Kaprun saa 2, tunapita Mittersill, tunafika Krimml kiasi cha saa 3. Maporomoko mpaka adhuhuri, alasiri tunarudi Zell am See, ziwani. Mizigo iwe midogo. Bibi, kikapu kile jamani…

06:15 Mama Nassor: Kikapu kimefanyaje?

06:16 Nassor: Mama, mna hotipoti mbili, chupa mbili za chai, mayai ya kuchemsha, katlesi sijui ngapi. Tunakwenda kutembea, si hitima. Njiani kuna maduka, Krimml kuna mikahawa.

06:17 Bibi: 🎤 0:52

06:19 Fahad: 😂😂 Sikilizeni pale kwenye sekunde ya 31, anavyovuta pumzi kabla ya kumtaja Nassor

06:20 Nassor: Haya. Nitakibeba mie mwenyewe. Yamekwisha.

06:34 Fahad: Saa 2 ya wapi lakini? Mie nimefahamu saa 2 mchana, nilikuwa nataka kulala tena

06:36 Ami Khamis Unguja: Mwanangu saa 2 ni saa 2. Jua likichomoza unahesabu mbili. Hiyo ya kwenu ya Maskati mwachieni mwenye ndege.

06:37 Nassor: Ami, huku jua linachomoza saa 11 na nusu alfajiri. Tukihesabu hivyo ndio tutapotezana kabisa. SAA MBILI ASUBUHI. 8:00. Sina zaidi.

06:41 Rahma: Yahya kavaa nini? Pampu yake ya pumu iko kwa nani?

06:42 Mama Nassor: Moja kwangu, moja kwa Moza. Kavaa sweta. Wewe fanya kazi yako.

06:43 Rahma: Kazi gani Mama, nyuzi 44 huku Omani, hata kiyoyozi cha ofisi kimesalimu amri. Nyie mnavaa sweta 😭

06:45 Zuhura: Mie na mtoto tunabaki. Hajalala usiku kucha, na mie sijalala. Nendeni salama.

08:26 Fahad: Ndio kwanza tunatoka. Shangazi Moza alirudi mara mbili. Kwanza mtandio, halafu mtandio mwengine.

08:27 Shangazi Moza: Mtandio wa kwanza haukuwa wa mvua.

09:05 Shangazi Moza: Nimemwambia Nassor asimame Mittersill ninunue maji na ndizi. Maduka yote yamefungwa! Mji mzima! Nimeona paka mmoja tu.

09:06 Rahma: Kuna msiba?

09:07 Nassor: Jumapili.

09:07 Rahma: Jumapili ndio nini, mie niko kazini

09:09 Nassor: Huku Jumapili ndiyo Ijumaa yao, tena zaidi. Ijumaa kwetu baada ya sala unapata duka. Hapa mpaka kesho. Tumesahau kabisa. Hakuna neno, chakula tunacho.

09:38 Fahad: [Picha] Tushaliona kutoka barabarani!! Mbali hivi, jeupe kama mtu kaanika kitambaa mlimani

09:52 Nassor: Tumefika. Maegesho tumelipia, tiketi za kuingilia tumekata.

09:53 Ami Khamis Unguja: Tiketi ya nini?

09:53 Nassor: Ya kuona maji, Ami.

09:55 Ami Khamis Unguja: Huku mfereji umekauka tangu Alhamisi, nikitokewa na maji natoa sadaka. Nyie mnalipia kuyaona yakimwagika bure.

09:56 Rahma: Na mimi nasema, maporomoko ya Wadi Darbat yangekutosheni. Mnapanda gari mpaka Salalah, khareef, msimu wa mvua wa kule, ndiyo hii imeanza, mnakaa kwa amani na ngamia wenu

09:57 Fahad: Darbat mwaka usiokuwa na mvua nzuri ni jabali tupu, Da Rahma. Tulikwenda tukapiga picha na jiwe

10:21 Nassor: Sikilizeni. Unaanza kusikia mngurumo ungali msituni, hujaona kitu. Unadhani barabara kuu iko karibu. Halafu miti inafunguka. Yana ngazi tatu: ya juu mita 140, ya kati 100, ya chini 140. Jumla 380. Maji yanatoka kwenye barafu ya huko juu, Krimmler Kees, na mwezi huu theluji inayeyuka kwa hiyo yamejaa kwelikweli. Hakuna marefu kuliko haya Austria nzima.

10:23 Ami Khamis Unguja: 380 nipigie hesabu ya kikwetu.

10:24 Nassor: Chukua kilima cha Masingini cha hapo Unguja, kipandishe juu ya Masingini, halafu juu yake tena.

10:25 Ami Khamis Unguja: Masingini mie nilipanda kwa baskeli.

10:31 Shangazi Moza: [Video 0:22] Huyo ni Bibi. Mmemwona? Tumemwambia akae kwenye benchi magoti yapumzike, akasema hakutoka Maskati kuja kuona benchi. Kasogea mpaka kwenye ukingo wa chini kabisa pale manyunyu yanapopiga, akakinga kiganja kama anayepima maji ya wali. Baibui lote limeloa. Nyusi zimejaa vitone, hazipangusi.

10:33 Mama Nassor: Hasemi neno. Mama yangu namjua, akinyamaza hivyo ujue kapenda.

10:34 Rahma: Mashallah 🥹 Na Yahya? Manyunyu hayo si yatamkamata kifua?

10:37 Nassor: Da Rahma tulia. Hapa wenye pumu wanaletwa makusudi wavute hewa hii. Chuo kikuu cha udaktari cha Paracelsus pale Salzburg kiliwafanyia watoto utafiti, manyunyu yakawapa nafuu.

10:38 Rahma: Utafiti wao na pampu yangu vifuatane.

10:38 Mama Nassor: Pampu ninayo mkononi. Anakimbia tu, kifua safi.

10:50 Rahma: Shangazi, na ninja yako? Nasikia huko wanatoza faini

10:52 Shangazi Moza: Sheria ipo tangu 2017, kufunika uso hadharani faini mpaka euro 150. Mie nimeivua tangu uwanja wa ndege, roho haikupenda lakini ugeni ndio huo. Sasa cha kuchekesha, hapa chini kwa baridi ya manyunyu kila mtu kajikunyata kwa skafu mpaka puani. Wazungu na sie, macho matupu. Nimeangalia kama kuna polisi.

11:48 Fahad: Mie na Yahya tumepanda mpaka ngazi ya kati. Njia ni ya kuzunguka tu, kona baada ya kona, na kila kona kuna pahala pa kusimama utazame. Zaidi ya miaka 100 imechongwa, watu wa chama cha wapanda milima. Magoti yangu na miaka 19 yanatetemeka. Kuna mzee anashuka na fimbo mbili kanipita kama gari moshi

11:49 Fahad: [Picha] Upinde wa mvua CHINI yetu. Yahya kauliza kama tumekwenda juu sana

12:40 Mama Nassor: Wakati ukiingia tutasali kasri, adhuhuri na alasiri, kwenye majani karibu na maegesho. Udhu tumechukua mtoni. Bibi aliingiza mguu wa kulia akapiga ukelele mpaka mbwa wa watu akabweka. Maji ya barafu haya hayana masihara.

12:52 Mama Nassor: Nassor fungua buti, Bibi anataka chai.

12:58 Mama Nassor: Nassor?

12:59 Fahad: Yuko nyuma ya gari. Amesimama tu anaangalia buti

13:01 Nassor: Fahad si nilikwambia ukishike wakati nachukua funguo

13:01 Fahad: MIMI? "Nitakibeba mie mwenyewe. Yamekwisha." 06:20. Pandisheni juu msome

13:02 Ami Khamis Unguja: 😂😂😂 Lo! Hitima bila ya pilau

13:03 Mama Nassor: Zuhura hebu tazama jikoni, kikapu kipo?

13:04 Zuhura: Ngoja nimlaze mtoto

13:40 Zuhura: Kipo

13:40 Nassor: Basi afadhali. Bibi yuko ndani ya gari. Hajanisemesha. Bora angenisema.

14:25 Shangazi Moza: Tumekula mkahawani. Nyama hatukugusa, tumechukua samaki wa mtoni, mzima na kichwa chake, na chipsi. Huyo samaki mtamu lakini kapikwa kama wa mgonjwa: siagi na limau basi. Bibi kafungua mkoba, katoa kichupa cha pilipili ya kusaga. Kile cha dawa ya kikohozi, mnakijua. Kasafiri nacho. Mhudumu kaomba aonje.

14:26 Rahma: Akaonja??

14:27 Shangazi Moza: Kaonja. Kaenda jikoni hajarudi mpaka tumelipa kwa mwengine.

14:30 Mama Nassor: Watoto waliona chapati nene imekatwakatwa na sukari juu, Kaiserschmarrn, wakataka. Nikamwambia Nassor aulize zabibu zake. Kweli, wanaziloweka kwenye ramu! Wametupikia nyengine bila ya zabibu. Ukienda nchi za watu uliza, usione haya.

16:10 Fahad: [Picha] Zell am See. Mji mdogo umebanwa baina ya ziwa na mlima. Nyumba zote zina maua madirishani. Mnara wa kanisa katikati, mnene, wa mawe, unaonekana umekaa hapo kabla ya kila kitu

16:12 Rahma: Na hao nyuma ni kina nani, mbona kama Qurum Beach ya Maskati?

16:14 Fahad: Ndio maana nakwambia. Menyu za Kiarabu, abaya kila benchi, mtu anamwita mwanawe "yalla Sultan" mpaka ng'ambo ya ziwa. Na Bibi kakutana na jirani yetu wa Mabela!! Yule wa nyumba ya kona. Wamekumbatiana kama hawajaonana miaka. Wameonana wiki iliyopita

16:15 Ami Khamis Unguja: Mmekata tiketi ya ndege kwenda kuamkiana na jirani.

16:40 Mama Nassor: Bibi na huyo mwenzake wamekaa ukingoni mwa ziwa, miguu majini. Wanazungumzia bei ya vitunguu Seeb.

17:55 Nassor: Kesho inshallah mlima Kitzsteinhorn, kwa gari la waya mpaka mita 3,029, theluji mwezi wa saba. Keshokutwa barabara ya Grossglockner, kona 36. Wanaotapika wajiandae.

17:56 Fahad: Na kikapu abebe nani

17:57 Nassor: 😐

19:22 Nassor: Zuhura tumebakisha dakika kumi. Bibi kaanza kusema na mie, alhamdulillah. Anasema kikapu kisifunguliwe mpaka afike, ndicho chakula cha usiku. Njaa inatuuma sote, samaki keshakwenda zake.

19:24 Zuhura: Simameni mahala mnunue kitu

19:24 Nassor: Jumapili. Maduka yamefungwa. Kwa nini?

19:27 Zuhura: Mama mwenye nyumba alikuja kumtazama mtoto. Na wanawe wanne. Na jirani yake. Sasa mgeni kaingia unampa maji ya bomba?

19:27 Nassor: Zuhura

19:28 Zuhura: Na mie nanyonyesha

19:28 Zuhura: [Picha]

19:29 Rahma: Hotipoti zote mbili zimeoshwa na zimepinduliwa 😭😭 KATLESI ZOTE?

19:30 Bibi: 🎤 0:07

19:31 Fahad: Anacheka tu. Sekunde saba zote

19:32 Ami Khamis Unguja: Na chai?

19:33 Zuhura: Chupa moja imebaki