Mrejesho: rsyslog kwenye Debian 12 imekubali, ila TLS bado

Wakuu, nimerudi. Niliuliza mbona seva yangu ya Debian 12 (toleo la Linux) haina kabisa faili la kumbukumbu (logi) la /var/log/syslog, na kama nijenge rsyslog, programu ya kukusanya logi, mwenyewe kutoka msimbo chanzo.

Asanteni sana, hasa aliyenikataza kujenga. Kumbe toleo hili halisakinishi rsyslog lenyewe, logi zote zinabaki kwa journald, huduma nyingine ya kutunza logi. Nikapiga apt install rsyslog, na ndani ya dakika moja faili likatokea. Logi za kabla ya hapo hazimo humo. Hizo bado nazisoma kwa journalctl, amri ya kusoma logi za journald.

Kupokea logi za mashine nyingine ndiko kulikonitoa jasho. Kwenye /etc/rsyslog.conf niliondoa alama ya # (inayozima mstari) kwenye mstari wa module wa imudp, moduli ya kupokea logi kwa UDP, nikausahau wa input, unaofungua poti, ulio chini yake tu! Huduma inawaka vizuri, ila haisikilizi chochote. Ushauri wa kuendesha rsyslogd -N1, inayokagua mipangilio tu, kabla ya kuwasha upya ndio ulioniumbua: ilionya kwamba moduli imepakiwa bila msikilizaji. Sasa poti 514 iko wazi na logi zinaingia.

TLS, yaani kusimba logi zinaposafiri mtandaoni, ndiyo imenishinda. Kosa la kukosekana kwa moduli liliisha nilipoongeza kifurushi cha rsyslog-gnutls, ambacho husakinishwa kando na rsyslog, lakini cheti changu bado kinakataliwa. Kwa sasa natumia mtandao wa ndani bila usimbaji. Nikifanikiwa nitawaambia.