Wageni wa kamba ya nguo

*Shangazi Rehema, 12:40 asubuhi:* Amkeni jamani! Kamba ya nguo nyuma kwa Mama imejaa ndege. Nimefika 19, wengine hawatulii.

*Shangazi Rehema:* Koo la njano, tumbo la buluu, mgongo wa hudhurungi, mstari mweusi umepita jichoni.

*Idi:* Chiriku hao.

*Shangazi Rehema:* Chiriku gani ana mdomo kama shazia? Hao keremkerem, wametoka Ulaya. Wamekimbia baridi.

*Salma:* Na manyoya yote yale?

*Shangazi Rehema:* Njaa ndiyo inayowafukuza. Baridi ikiingia kule, nyuki na kereng'ende hawaruki tena. Sasa hivi mmoja amenasa nyuki, amemsugua kwenye kamba mpaka mwiba ukatoka, ndipo akammeza. Nimeona kwa macho yangu!

*Baba Mdogo:* Wasinichafulie mashuka tu 😂

*Shangazi Rehema:* Nimeyaanua. Jumamosi saa 12 asubuhi wote hapa. Idi, darubini. Salma, paka wako abaki ndani. Watoto waache manati nyumbani.

*Shangazi Rehema, 3:05 asubuhi:* Mbona kimya?

*Salma, 4:15 asubuhi:* Paka hafungiki, shangazi.

*Idi:* Darubini niliisahau safarini.



*Shangazi Rehema:* Jamani, hawa wanapita tu. Wakiondoka, mpaka Machi au Aprili wakirudi kwao.

*Baba Mdogo:* Sasa kwa nini kwenye kamba?

*Shangazi Rehema:* Wanataka tawi kavu lililo wazi, wamwone nyuki kwa mbali. Walikuwa nalo. Unajua lilikokwenda, Hamisi.

*Baba Mdogo:* Dada, hilo tulishalimaliza. Ule mti ungeangukia paa.

*Shangazi Rehema:* Ungepunguzwa matawi.

*Idi:* Haya yameanza 🙈

*Bibi, 5:20 asubuhi:* Baba yenu aliwangoja kila mwaka kwenye mti ule. Mwaka wake wa mwisho hakuweza kutoka kitandani. Alinituma nikawahesabu, nije nimwambie.

*Baba Mdogo, 1:50 usiku:* Nimesoma, Mama. Jumamosi nachimba shimo. Mche atafute dada.

*Shangazi Rehema:* Mche ninao. Ila utachukua miaka, simika na mti mkavu pembeni wapate pa kutua. Na Jumamosi asubuhi usichimbe, utawatimua.

*Baba Mdogo:* Basi Jumapili.

*Salma:* Jumapili mimi sipo.

*Idi:* Kwani Jumamosi ni saa ngapi vile?